Jinsi ya kuchagua na kukusanya dadu za mapambo za gemu za mezani: namba kwanza, urembo ufuate

Wadau, mtu akikaa mezani kwa mara ya kwanza kucheza hizi gemu za kuigiza wahusika, mara nyingi kabla hata hajauliza sheria anaulizia dadu. Anaokota moja anaiangalia kwenye taa, anaigeuza, anaokota nyingine, na hapo ndo unajua huyu keshanasa. Mimi nilinasa hivohivo miaka kadhaa iliyopita na sasa nina masanduku mawili yamejaa, kwahiyo haya ni mambo niliyoyajua kwa kununua, kwa kucheza na kwa kukosea. Na kuna kitu kimoja naomba ukishike kabla ya vyote: dadu ambayo watu hawawezi kusoma namba yake ikiwa imetua katikati ya meza haijakamilika, hata kama ndani ina dhahabu. Mapambo yote nitakayoyasifia huko chini yanaanzia hapo.

Kwanza jua seti ina nini

Seti ya kawaida ni dadu saba: d4, d6, d8, d10 mbili, d12 na d20. Hiyo herufi d kwa bahati nzuri inakaa vizuri hata kwa Kiswahili, d ni dadu na namba ni idadi ya pande. Zile d10 mbili zinafanana umbo ila moja ina 0 mpaka 9 na nyingine ina 00, 10, 20 mpaka 90, ukizirusha pamoja unapata asilimia, yaani 1 mpaka 100. Ukiondoa d10, hayo maumbo mengine matano ndo yale yanayoitwa maumbo ya Plato, kila uso uko sawa na mwenzake na kila kona iko sawa na nyingine, Wagiriki wa kale walishayachambua zamani sana. Na usidhani d20 ni kitu cha juzi. Makumbusho ya Metropolitan kule New York wanayo d20 ya jiwe kutoka Misri, kila uso una herufi ya Kigiriki, na wameiweka kati ya karne ya 2 KK na karne ya 4 BK. Mimi kila nikiiona picha yake nafikiria mkono wa mtu aliyekuwa anairusha.

Sasa hizo saba ni mwanzo tu, inategemea unacheza gemu gani. Kwenye Dungeons & Dragons toleo la 5 kuna wakati mwingi unaambiwa urushe d20 mbili uchukue iliyo kubwa, au iliyo ndogo kama mambo yamekuharibikia, kwahiyo ukiwa na moja inabidi urushe, ukumbuke, urushe tena, na hiyo inakata stimu kabisa. Ukiwa mchawi wa kurusha mpira wa moto unahitaji d6 nane kwa mpigo na seti yako ina d6 moja. Vampire: The Masquerade inataka fungu la d10, bora uwe nazo kumi. Call of Cthulhu inaishi kwenye zile d10 mbili za asilimia. Fate haitaki hata namba, inatumia d6 nne zenye alama ya kujumlisha, ya kutoa, na nyuso tupu. Halafu kuna Dungeon Crawl Classics yenyewe inaita d3, d5, d7, d14, d16, d24 mpaka d30, na kwa mtu wa kukusanya hiyo gemu ni kisingizio kizuri sana cha kununua. Kwahiyo kabla hujafungua pochi muulize gemu masta wako, yaani yule anayeendesha gemu, mnacheza nini, maana nishaona mtu kaja na seti nzuri mno afu jioni nzima katumia dadu moja tu.

Mtego mmoja wa wageni. Kuna d20 zinazouzwa kwa ajili ya kuhesabia uhai kwenye karata za Magic: The Gathering, namba zake zinafuatana, 20 iko jirani na 19, 19 jirani na 18, ili mtu akipunguziwa uhai aigeuze kidogo tu. Ni nzuri kwa kazi yake ila sio ya kurusha, kwasababu namba kubwa zote zimekusanyika upande mmoja na mtu mwenye mkono mwepesi anaweza kuielekeza. Dadu ya kurusha namba zake zimechanganywa, pande mbili zinazotazamana ukizijumlisha zinatoa 21, na kwenye mpangilio uliozoeleka 20 imepakana na 2, 8 na 14. Ukiishika tu tafuta ishirini uangalie majirani zake, ni sekunde tatu.

Kusoma namba, hapa usikimbie

Nilinunua seti moja ya resini (kimiminika kinachomiminwa kwenye moldi kikagandia kuwa kigumu), kijani ya chupa, ndani imetawanywa vipande vyembamba vya karatasi ya dhahabu na namba nazo zimejazwa dhahabu. Kwenye picha ilikuwa kama kito. Siku ya kwanza nairusha ikatua mbele ya gemu masta, watu wote wameinama, kimya, na hakuna aliyejua nimepata ngapi. Dhahabu ya namba ilimezwa na dhahabu ya ndani. Ikabidi niiokote niisogeze karibu na jicho niitafutie taa ndo niseme kumi na saba, na hiyo kumi na saba niliiona peke yangu. Wenzangu waliniamini, ni watu wangu, ila ile raha ya meza nzima kuona namba kwa wakati mmoja ikawa imepotea, na mimi naona hiyo raha ndo sababu ya kurusha dadu badala ya kubonyeza simu.

Tangu hapo nina kipimo changu. Weka dadu mezani, simama au kaa mbali nayo kiasi cha mkono ulionyooka na zaidi kidogo, washa taa ya kawaida ya chumba usitumie tochi, afu soma. Ukisita, basi. Kama unanunua mtandaoni na huwezi kuishika, ipunguze picha kwenye simu mpaka dadu iwe ndogo kama ukucha wa kidole gumba, kama namba bado inasomeka kuna matumaini. Angalia na mwanga wa picha yenyewe, maana wauzaji wengi wanapenda kupiga mwanga kutokea nyuma na dadu inang'aa kama taa, kumbe mezani mwanga unatoka juu na ndani ya dadu kunakuwa giza. Mwombe muuzaji video fupi, dadu iko juu ya meza, mwanga wa dirishani, hajaishika. Muuzaji anayejiamini atakutumia.

Kinachosaidia namba isomeke ni tofauti ya mwanga na giza, sio tofauti ya rangi. Nyekundu juu ya kijani zinaonekana tofauti kwa wengi wetu lakini kuna watu macho yao hayatofautishi hizo mbili, na hata wewe taa ikiwa hafifu zinaanza kufanana. Mwili mweusi namba nyeupe, mwili wa maziwa namba ya bluu nzito, hapo huwezi kukosea. Dadu za kuona ndani hasa zile zenye glita ni ngumu zaidi kwasababu unaona mpaka namba za upande wa pili zimegeuka kinyume, kwa hizo tafuta namba kubwa zilizochimbwa kwa kina na kujazwa rangi isiyoangaza, nyeupe au nyeusi tupu. Hakikisha pia 6 na 9 zina mstari au nukta chini, usije ukabishana na mtu usiku wa manane.

Fonti nayo. Zipo za kikale zenye mikia na mapindo, nzuri sana, ila 1 na 7 zinafanana, 3 na 8 zinafanana. Kuna kampuni ya Poland inaitwa Q-Workshop imejulikana kwa dadu zilizochongwa michoro kila uso, mazimwi, maua, alama za kale, na mimi nazipenda, ila kwa aina hii ya dadu chagua ile ambayo mwili na michoro vina rangi zinazopingana kabisa, na uzoee kuisoma peke yako kabla hujaipeleka kwenye gemu. Na kama dadu ina alama badala ya namba, uliza alama inashika nafasi ya ipi. Mara nyingi ni ile ya juu kabisa, lakini wapo wanaoiweka kwenye 1, na hilo hutaki kuligundua katikati ya vita.

Vitu zinavyotengenezwa navyo

Akriliki ndo plastiki ya seti nyingi unazoziona, na usiidharau. Baada ya kutoka kwenye moldi zinatiwa kwenye pipa linalozunguka na vitu vya kusugulia mpaka zing'ae, ndo maana kingo zake ni za mviringo na zinateleza vizuri mkononi. Kuna mzee mmoja, Lou Zocchi wa GameScience, alitumia miaka mingi akisema hilo pipa linakula pande bila usawa, yeye akauza dadu za kingo kali zisizosuguliwa na namba hazijatiwa rangi, unajaza mwenyewe. Ndo yuleyule aliyeleta dadu ya pande 100 mwaka 1985, iko kama mpira wa gofu, ukiirusha inachukua muda kweli mpaka isimame. Na kujaza rangi mwenyewe ilikuwa kawaida, maboksi ya wanaoanza Dungeons & Dragons miaka ya mwanzo ya 1980 yalikuja na dadu tupu pamoja na krayoni, unasugua krayoni kwenye namba unafuta inayobaki juu. Kwa seti ya kwanza mimi ningekwambia nunua akriliki yenye rangi unayoipenda, icheze, uijue, ndo uanze kupanda.

Resini ya mikono hapo ndo watu wengi tunapopotelea. Fundi anachanganya epoksi ya sehemu mbili, anatia rangi, maua makavu, vumbi la maika (madini yanayong'aa), glita, chochote, anamimina kwenye moldi ya silikoni, anafunga kifuniko na kuweka kwenye tanki la presha ili viputo vya hewa vibanwe mpaka visionekane, inakaa kama siku nzima, ndo anaanza kusugua kwa msasa laini na kila hatua laini zaidi. Ukijua hivyo unajua pia pa kuangalia. Kwenye kila dadu kuna uso mmoja uliokaa kwenye kifuniko cha moldi, huo ndo unaosuguliwa zaidi na ndo wenye makosa. Uinamishe dadu chini ya taa uangalie mwanga unavyoteleza juu ya uso: ukiteleza ulionyooka kama kwenye kioo uso uko bapa, ukijikunja karibu na ukingo ujue fundi alisugua kwa kupitiliza uso ukawa na mgongo. Angalia kingo kama ziko kali sawasawa pande zote. Angalia viputo vilivyo juu kabisa, vile vinavyofanya tundu, cha ndani kimoja kidogo mimi sijali. Angalia na rangi ya namba, isitoke nje ya mistari.

Mafundi wengi huwa wanauza zenye kasoro ndogo kwa bei ya chini, daraja la pili, wanasema kabisa hii ina kiputo kwenye 4. Hizo kwa mtu wa kukusanya ni nafasi nzuri, nusu ya zile ninazozipenda zimetoka huko. Ila jiepushe na watu wanaochukua dadu ya fundi mwingine wakatengeneza moldi juu yake wakauza kama zao. Utazijua kwa namba zilizokosa ukali, kama zimeyeyuka kidogo kwenye kona, na kwa muuzaji ambaye hana picha hata moja ya kazi ikiwa inaendelea. Tena ukiagiza kwa fundi uwe na subira, mtu anatengeneza kwa mikono yake miwili na seti moja ina nyuso nyingi.

Zipo pia zenye kimiminika ndani, ukitikisa rangi inazunguka polepole kama moshi. Moja ya vitu vizuri kuliko vyote kwenye hobi hii, niache niseme. Ndani kuna kidonge cha kioo au plastiki chenye kimiminika, kwahiyo usiirushe kwenye sakafu ngumu.

Metali. Nyingi ni aloi ya zinki iliyopakwa koti la rangi ya dhahabu, fedha, nyeusi au upinde wa mvua, na uzito wake ndo utamu wake, zinki ina uzito karibu mara sita wa akriliki kwa ukubwa uleule. Alumini ni nyepesi kuliko unavyotegemea, titani iko katikati, shaba ya njano inazidi zinki na inabadilika rangi kadri unavyoishika, mimi hiyo naipenda hasa. Tangsteni iko karibu mara tatu ya zinki, unaishika d6 moja unashtuka. Sasa uzito huohuo ndo hatari: nilirusha d20 ya zinki kwenye meza ya mbao ya rafiki aliyetukaribisha, ikaacha kishimo cha pembetatu ambacho hakitoki mpaka leo, na nilijisikia vibaya sana. Kwahiyo metali bila trei usirushe kwenye meza ya mtu. Trei yenye kitambaa kizito au ngozi ndani inatosha, isiwe ndogo sana. Kama ngozi yako inawashwa na hereni au saa za bei nafuu jihadhari, baadhi ya makoti yana nikeli. Na koti huwa linaanza kulika kwenye kona, sio kasoro, ni umri.

Mawe nayo yana mambo yake. Ugumu wa mawe unapimwa kwa kipimo cha Mohs, 1 mpaka 10, kwatzi na amethisto ziko kwenye 7, obsidiani ambayo ni kioo cha volkeno iko 5 na kitu, fluoriti iko 4. Lakini ugumu huo ni wa kukwaruzika, sio wa kuvunjika, hata amethisto ikigongana na mwenzake inamenyeka kona. Jiwe unalirusha moja moja, juu ya kitambaa, kwa mkono wa chini, hulitikisi na wenzake kwenye kiganja kama njugu. Halafu majina: dadu zinazoitwa opalaiti na goldistoni ni kioo kilichotengenezwa na binadamu, na nyingi za bluu zinazouzwa kama feruzi ni haulaiti iliyopakwa rangi. Hakuna ubaya kununua kioo kizuri, ubaya ni kulipia kioo bei ya jiwe. Na kama una malakaiti usijaribu kuisugua mwenyewe kwa msasa, vumbi lake lina shaba na sio la kuvuta.

Mbao ni nyepesi, sauti yake mezani ni tamu, ila inakunywa unyevu na haiviringiki sana. Ninazo mbili, sizirushi.

Je, inatoa namba kwa haki?

Hapa watu wanabishana sana. Kipimo maarufu ni maji ya chumvi. Chukua maji ya uvuguvugu, tia chumvi koroga, endelea mpaka isiyeyuke tena, inafika kama gramu 36 kwa kila mililita 100 za maji. Maji hayo yanakuwa mazito kidogo tu kuliko akriliki kwahiyo dadu inaelea, kwa tabu ila inaelea. Iguse izunguke, ngoja itulie, angalia namba iliyo juu, rudia mara nyingi. Ikileta uso uleule kila mara ndani kuna kiputo au uzito umekaa upande mmoja. Ioshe na maji baridi ukimaliza. Metali na mawe yatazama tu, usihangaike. Na ujue kipimo hiki kinaonyesha uzito wa ndani, hakionyeshi kama umbo limepinda.

Umbo unapima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. d20 ina jozi kumi za nyuso zinazotazamana, pima umbali wa kila jozi uandike. Zikitofautiana kwa sehemu ndogo sana ya milimita usijali, ukiona jozi moja imezidi au kupungua kwa nusu milimita hiyo dadu ni yai.

Ukitaka uhakika zaidi, rusha na uhesabu. Kwa d20 fanya angalau mara 100, kila namba unaitegemea mara 5. Kwa kila namba chukua mara ilizotokea utoe 5, jibu lizidishe lenyewe kwa lenyewe, gawa kwa 5, afu jumlisha zote ishirini. Jumla ikizidi 30.14 kuna sababu ya kushuku, ila kumbuka hata dadu safi kabisa huvuka hapo mara moja katika kila majaribio 20, kwahiyo rudia na kurusha 200 au 300 kabla hujaitia hatiani (ukirusha 200 unategemea 10 kila namba, na unagawa kwa 10). Mimi niliwahi kukaa jioni nzima nafanya hivi na dadu moja ya zambarau ambayo grupu zima ilisema ina laana. Ilikuwa safi. Bado inakaa kwenye kikopo chake cha adhabu kwasababu meza iliamua, na uamuzi wa meza unaheshimiwa.

Kukusanya bila kupotea

Ukikusanya bila mpango unajikuta una seti kumi na tano za bluu. Watu wengine wanachukua d20 tu, moja moja, na ni njia nzuri kwa sababu unaweza kuwa na mafundi wengi tofauti kwenye kisanduku kimoja. Wengine wanafuata kitu kimoja, mawe tu, au kijani tu. Mimi nanunua kwa mhusika. Kila nikianza mhusika mpya namtafutia seti yake, nakaa nafikiria huyu mtu anatoka wapi, anavaa nini, sauti yake ikoje, na hiyo inanisaidia hata kumjua kabla hajaingia mezani. Mganga wa kinamasi nilimpa resini ya maji ya matope yenye jani kavu ndani. Mlinzi wa hekalu nilimpa shaba ya njano ambayo kila wiki inazidi kuwa nyeusi. Na sinunui seti mpya mpaka ile ya mwisho iwe imerushwa kwenye gemu ya kweli, sio nyumbani peke yangu. Hiyo sheria imeniokoa.

Ukubwa pia ufikirie. d20 ya kawaida ina kama milimita 20, zipo ndogo za mezani pafinyu na zipo majitu ya milimita 30 na zaidi ambayo yanaviringika mpaka yanaangusha vinyago vya wahusika vilivyo mezani. Moja kubwa ya kurushia nyakati nzito inatosha.

Kwenye kuhifadhi, adui mkubwa ni jua. Epoksi ikikaa dirishani inageuka njano, na amethisto inafifia zambarau yake. Weka kwenye boksi lenye vyumba, metali mbali na resini, jiwe kila moja na kimfuko chake. Kusafisha ni maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kitambaa laini, kausha hapohapo. Spiriti na asetoni usizisogeze, spiriti inaweza kuipasua akriliki nyufa ndogondogo na kutoa rangi ya namba, asetoni inaiyeyusha kabisa.

Na namba ikitoka rangi, au kama ile yangu ya kijani haisomeki, huna haja ya kuitupa. Nilichukua kijiti cha meno nikachokoa dhahabu polepole kutoka kwenye kila namba, kazi ya jioni mbili kwa seti nzima, sikukimbilia sindano maana inachana resini. Nikachukua rangi nyeupe ya akriliki, brashi nyembamba, nikajaza namba moja moja mpaka ikafurika, nikasubiri dakika chache ianze kushika, nikafuta uso kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu kilichokunjwa bapa kidoleni, bapa, kwasababu kikiwa legelege kinaingia ndani ya namba kinaikomba. Pale 8 palibaki doa jeupe ndani ya duara la juu nikalitoa na ncha ya kijiti. Nikaziacha mpaka kesho yake. Zilivyokauka zile karatasi za dhahabu ndani zikawa kama ziko mbali, chini ya maji, na namba ziko juu peke yake.

Kila mfuko wa seti kwangu una kikaratasi: jina la mhusika, tulianza lini, dadu ilirusha nini mara ya mwisho. Nakushauri na wewe ufanye hivyo mapema kwasababu baada ya kampeni tatu, yaani hadithi ndefu tatu za gemu, utasahau. Cha ile seti ya kijani kinasema mwizi wa bandari, aliangukia darajani, alikuwa tayari ameshindwa mara mbili kurusha dadu ya kuokoa maisha yake, d20 ikatoa 3. Ilitua mbali kabisa upande wa pili wa meza karibu na taa, na sikuhitaji kusema chochote, wote wanne walikuwa wameshaiona.